Miguu Iliyotangulia Shambani

Apolonia alikuwa amelala kifudifudi kwenye kitanda cha karibu na dirisha, kwa kuwa mgongo wake ulikuwa umekataa kila mlalo mwingine, na kila daktari alipouliza swali, aliyejibu ni mume wake, Luhende. Aliulizwa umri, Luhende akajibu. Aliulizwa maumivu yalianza lini, Luhende akajibu. Aliulizwa kama haja ndogo inatoka vizuri, na hilo nalo Luhende akalijibu, bila hata kumtupia jicho mwenye haja yake.

Walikuwa wametoka Ipililo, wilaya ya Maswa, baada ya kusikia redioni kwamba madaktari bingwa wameweka kambi mjini Bariadi. Kwa muda mrefu Apolonia alikuwa hawezi kuinama, na siku za karibuni mguu wake wa kushoto ulikuwa unawaka moto kutoka kiunoni mpaka kisiginoni. Luhende alimleta kwa pikipiki yake nyekundu, aliyoinunua msimu wa juzi, akamfunga mgongoni kwake kwa khanga asije akadondoka njiani. Waliowaona barabarani walisema, huyo mwanaume anampenda mke wake jamani.

Mpasuaji, Daktari Januarius, aliinua picha ya mgongo kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama mpaka Luhende akaanza kukohoa.

"Aliumiaje?"

"Alidondoka," Luhende akasema. "Kwenye mkokoteni wa ng'ombe."

"Mara moja?"

"Mara moja tu, daktari."

Januarius alirudisha macho kwenye picha. "Huku si kudondoka. Hizi pingili zimechakaa kwa kuvuta. Nyama laini ya katikati imetoka nje, inabana mshipa unaokwenda mguuni. Huyu mama amekuwa anavuta nini?"

"Maji," Luhende akasema. "Kisimani. Si unawajua wanawake wa kwetu, daktari, hawatulii."

Apolonia alitazama sakafu. Hapakuwa na kitu kingine cha kutazama kwa mlalo ule.

Daktari wa usingizi aliitwa Naila, mwanamke mwembamba wa hijabu nyeupe. Yeye alichuchumaa kando ya kitanda mpaka uso wake ukawa chini ya uso wa Apolonia, akamwamkia "Mwadila, mayu," yaani habari mama, kwa Kisukuma cha kujifunza juzijuzi. Apolonia aliitikia. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu wafike.

"Zipo njia mbili, mama," Naila akasema. "Ya kwanza ni nusukaputi. Unalala kabisa, tunakuwekea mpira wa kupumulia, unaamka kazi imekwisha. Ya pili ni ganzi. Tunakuchoma sindano nyembamba mgongoni, kuanzia kiunoni kwenda chini huhisi kitu, lakini uko macho, unasikia, unaongea na mimi. Kwa upasuaji kama wako, wa chini ya mgongo, zote zinafaa. Wa ganzi mara nyingi hasumbuliwi sana na kichefuchefu na anakula mapema. Ila lazima uvumilie kulala hivi hivi bila kujitikisa."

Hapo ndipo watu waliposhtuka. Ndugu waliokuja kumwona mgonjwa, waliokuwa wanamenya viazi kwenye kibaraza huku masikio yako wodini, waliacha visu. Kaka mkubwa wa Luhende, aitwaye Mboje, alipigiwa simu Ipililo, akafoka mpaka simu ikakwaruza. "Macho? Apasuliwe mgongo yuko macho? Hata mbuzi tunamfunika uso!" Shangazi mmoja alisema hajawahi kusikia ukatili wa namna hiyo tangu azaliwe, na alikuwa amezaliwa zamani.

Luhende peke yake hakupiga kelele. Alikuwa anafikiri, na kufikiri kwake kulionekana mpaka shingoni.

"Daktari," akamwambia Naila, "huyu wa nusukaputi, huwa anaongea?"

"Akiwa usingizini haongei. Ila wakati wa kuamka, wengine wanaropoka. Jana kuna mzee ametutajia wanawake wake wote, na mke wake amesimama mlangoni."

Wauguzi walicheka. Luhende hakucheka. "Mchomeni ganzi," akasema.

"Makubwa!" alisema Elina, dada yake Apolonia, fundi cherehani wa hapo hapo Bariadi. "Shemeji, lini umekuwa mtu wa kisasa?"

Naila hakuridhika na ruhusa ya mume. Alichuchumaa tena. "Mama, wewe mwenyewe unataka ipi?"

"Ganzi ni sawa," Apolonia akasema. Kisha akauliza lililokuwa linamkosesha usingizi. "Nitatembea?"

Aliyejibu ni Januarius. "Utatembea. Ila nikwambie wazi, na baba hapa asikie. Nikishautengeneza huu mgongo, usivute kitu na usibebe mzigo. Ukiurudisha kwenye kazi iliyouvunja, miguu itakufa, na mimi sina dawa ya kuifufua."

"Tumesikia, daktari," Luhende akasema.

Siku ya upasuaji Apolonia alikalishwa kwenye meza, akaambiwa ajikunje, kidevu kifuani, mgongo utoke nje. Muuguzi alimshika mabega. Sindano iliingia, na baada ya muda kidogo akasema miguu imepata joto, kisha imekuwa mizito, kisha haijui iko wapi. Walimgeuza wakamlaza kifudifudi juu ya mito, wakamfunika vitambaa vya kijani, wakaacha dirisha dogo mahali pa kazi. Naila alikaa kwenye kigoda upande wa kichwani. Januarius alimbana kwa koleo, akamuuliza kama anahisi. Apolonia akauliza, kuhisi nini? Basi wakaanza.

Januarius alikuwa ameshafungua na ameanza kuitoa ile nyama iliyobana mshipa, miguu ya Apolonia ilipoteremka mezani. Ulitangulia wa kushoto, ule mgonjwa, ukafuata wa kulia. Ilisimama kidogo juu ya vigae, ikipapasa kama inatafuta ndala, halafu ikaelekea mlangoni. Januarius hakuinua kichwa. Kazi yake ilikuwa mgongoni na mgongo ulikuwepo. Muuguzi aliikimbilia akaifunga kitambaa cha kijani kwa juu, maana si heshima kuzunguka mjini vile, akaifungulia mlango.

"Daktari," Apolonia akamwambia Naila, "hiyo iliyotoka ni miguu yangu?"

"Ndiyo, mama. Imetoka nje kidogo. Presha yako ni nzuri."

"Itakuwa imekwenda shambani," Apolonia akasema. "Jana mvua ilinyesha."

Kwenye benchi la nje walikuwa wamekaa Luhende na Elina. Elina aliitambua miguu mara moja kwa kovu la uji wa moto uliommwagikia dada yake walipokuwa wadogo, na kwa kidole cha mwisho kinachompanda mwenzake. "Mbona imetoka peke yake?" akauliza. Uso wa Luhende ulikuwa umepauka. Alikuwa ameshachukua funguo za pikipiki na anakwenda mbio, na Elina, ambaye hakuwahi kumwona shemeji yake akikimbia, akarukia nyuma.

Miguu ilishika barabara ya Maswa. Haikukimbia. Ilitembea tu, lakini haikuwa na mtu wa kumbeba, na pikipiki haikuifikia. Kijana mmoja wa bodaboda aliita, "Mayu, panda twende!" halafu akaona hakuna wa kumjibu, akaendelea kufuta kioo chake. Mbele kidogo askari wa barabarani aliisimamisha pikipiki kwa sababu Elina hakuwa na kofia ngumu. Miguu aliiachia ipite. Ilikuwa inatembea pembeni, inavyotakiwa. Maswa mjini, vibarua wa kiwanda cha pamba, ambao msimu ulikuwa umekwisha na hawana la kufanya, walikunja miguu yao ili ile nyingine ipite, wakaendelea na bao.

Njia nzima Elina aliuliza, "Inakwenda wapi? Shemeji, si nakuuliza wewe, inakwenda wapi?" Luhende alizidi kuongeza mafuta.

Shamba la Luhende liko nyuma tu ya nyumba. Siku hiyo Mboje alikuwa ameshika plau katikati ya shamba, mbele yake akiwa maksai mmoja mkubwa mwekundu. Maksai huyo aliitwa Diwani, kwa sababu ya shingo yake na kwa sababu hafanyi haraka. Zamani Diwani alilima na mwenzake mweusi. Mwenzake aliuzwa mnadani msimu wa juzi. Upande wa kulia wa nira, pale alipokuwa anasimama yule mweusi, hapakuwa na mnyama. Palikuwa na kamba ya mkonge iliyofungwa kitanzi, kwa kimo cha nyonga za mtu.

Miguu ilikatiza mahindi machanga ya jirani bila kukanyaga hata mche mmoja. Ilimfikia Diwani. Diwani aliigeukia, akasogea kushoto, akaipisha nafasi. Miguu ikaingia kwenye kitanzi chenyewe, ule mgonjwa ukitangulia, kamba ikakaa nyongani mahali ilipozoea. Ilisimama hapo ikasubiri kuamriwa.

Elina alishtuka. Tuseme wazi alishtuka kwa nini, maana baadaye watu walilichanganya sana jambo hili. Hakushtushwa na miguu. Alichokiona ni kwamba kamba ile, mahali inapogusa mwili, ilikuwa imeviringishwa kitambaa kisichubue ngozi, na kitambaa kile kilikuwa kitenge cha ndege wa buluu, na pindo lake limeshonwa kwa uzi wa njano, mshono wa mkono wake mwenyewe. Alimpa dada yake Pasaka ile ya mwaka juzi, akamwambia, vaa uende nacho kanisani.

Alipiga yowe. Yowe la Elina lilitoa watu majumbani, wakaja na majembe yao, wakasimama pembezoni mwa shamba. Mama mmoja jirani alisogea, akaikagua miguu kuanzia juu kushuka.

"Leo kaja nusu," akasema.

"Mnajua?" Elina akauliza. "Mlikuwa mnajua?"

"Mdogo wangu, nyayo tulikuwa tunaziona. Kwato upande huu, vidole vya mtu upande huu, mbele ya plau. Wanalima alfajiri kabla watu hatujatoka, lakini udongo si unabaki."

"Na mkanyamaza?"

"Mambo ya ndani ya watu hayo," yule mama akasema, na kweli alionekana kuona aibu, kwa sababu alianza kuondoa tope kwenye jembe lake, ambalo halikuwa na tope.

Elina alimpa mgongo yule mama. Alimgeukia Luhende. Alitegemea kukuta mtu anayetafuta pa kuficha uso, na kwa muda mfupi ndivyo ilivyokuwa. Halafu Luhende alitazama mawingu upande wa Shinyanga. Alichukua udongo akaufinya kiganjani, ukashikana vizuri. Alitazama miguu iliyosimama tayari, na Diwani aliyesimama tayari.

"Imeshakuja," akamwambia Mboje. "Tukate hata mistari michache."

Na wakalima. Mbele ya watu, mchana kweupe, mke akiwa mezani Bariadi mgongo wazi, wakalima. Mboje aliongoza, Luhende akakandamiza plau, na udongo ukapinduka mweusi unaonukia mvua. Miguu ilivuta sana, kuliko siku zote, kwa sababu haikuwa na maumivu. Watu wa pembezoni walitazama. Mzee mmoja alisema ule mstari umenyooka.

Elina aliingia shambani akasimama mbele ya plau, mikono ameitanua. Diwani alisimama. Miguu haikusimama, haina macho. Ilimfikia, ikamgonga, ikaendelea kukanyaga papo hapo kama inapanda ngazi. Elina alipiga magoti kwenye tope akaikumbatia chini ya magoti. Ilikuwa na joto. Ilikuwa miguu ya dada yake, aliyokuwa anaigusa kwa yake walipolala juu ya ngozi moja ya ng'ombe utotoni, na iliendelea kumsukuma. Alilia kwa sauti, akitukana kwa Kisukuma matusi ambayo mwanamke wa kanisa hatakiwi kuyajua.

Simu ya Luhende ikaita. Alikuwa Naila.

"Tunamaliza kushona. Ganzi itaanza kupungua. Iko wapi miguu?"

"Iko hapa," Luhende akasema. "Tunamalizia mstari."

Kule Bariadi, Apolonia alikuwa ameshamtambulisha Diwani. Hakuropoka. Alikuwa na akili zake zote, ganzi ilimshika chini tu. Alisema kwa sauti ya kawaida, "Nahisi kamba, kwa mbali," Naila akauliza kamba gani, naye, uso ukiwa kwenye mto, akaeleza yote. Mwenzake Diwani aliuzwa, ikanunuliwa pikipiki. Msimu ulipofika Luhende alisema ni kwa wiki moja tu, mpaka apatikane ng'ombe wa kuazima. Misimu miwili imepita. Alfajiri huwa kuna baridi na kamba ina umande. Diwani ni mwema, akiona umechoka anapunguza hatua. Yeye mwenyewe alikuwa na mimba mwaka jana, haikukaa.

Naila aliacha kutazama mashine. Januarius, ambaye mikono yake haijawahi kutikisika, alisimamisha sindano hewani. Mle ndani walikuwa wameona maiti za ajali, watoto walioungua, na miguu inayotoka mlangoni, lakini hili liliwashinda. Yule muuguzi wa kitambaa cha kijani alikwenda kuegemea ukuta.

"Nishonee tu, daktari," Apolonia akasema. "Usiache wazi."

Miguu ilirudi kwa pikipiki, imekaa katikati ya Luhende na Elina, tope mpaka magotini. Muuguzi aliiosha kwa maji ya uvuguvugu, akapandisha ule wa kushoto, kisha wa kulia. Ganzi ilipoisha kabisa Januarius alimwambia Apolonia atikise kidole gumba. Kikatikisika. Maumivu yale ya moto hayakuwepo. Upasuaji ulikuwa umefanikiwa vizuri sana, na baada ya siku chache mgonjwa alikuwa anatembea wodini ameshika ukuta, hatua ndogo ndogo, anawasalimu wenzake.

Elina hakukaa kimya. Aliwaita watu wa pande zote mbili, wakakaa kwenye kibaraza cha wauguza wagonjwa, penye masufuria na majiko. Kwa upande wa mume alikuja Mboje. Kwa upande wa mke alikuja Machibya, kaka yao Elina na Apolonia. Naila naye alikuja na koti lake jeupe, akasimama. Elina alisema kila alichokiona. Alikiweka kile kitenge katikati yao, na tope lake.

Hakuna aliyekana. Mboje alisema ni kweli halikuwa jambo zuri, lakini nyumba haina ng'ombe wa pili, na shamba halingoji. Luhende alisema pikipiki ndiyo iliyomleta mgonjwa hospitali, au walitaka abebwe na yule maksai mweusi? Watu wakatafakari hilo.

"Mimi namchukua dada yangu," Elina akasema. "Atakaa kwangu."

Wote walimtazama Machibya, kwa sababu mwanamke akiondoka, ng'ombe wa mahari wanadaiwa. Machibya aliyatazama mafiga. Wale ng'ombe waliomtoa Apolonia ndio waliomwoa mke wa Machibya. Walikwenda kwa wakwe zake, na huko wakaoa mke mwingine. Hawakuwepo popote pa kuwafuata.

"Dada," akamwambia Apolonia kwa sauti ndogo, "vumilia kidogo."

Ndipo Apolonia aliyekuwa amekaa pembeni, mkanda wa mgongo kiunoni, akasema bila kuulizwa, "Uzeni pikipiki. Mnunue maksai."

Sufuria moja ilichemka ikamwagika, hakuna aliyeitazama. Shangazi yule aliyezaliwa zamani alishika mdomo. Mboje alimtazama Luhende, Luhende akamtazama Machibya, na Machibya alionekana kuona haya kwa niaba ya ukoo mzima. Apolonia hakuwahi kusema kitu kama kile mbele za watu.

"Mnaona sasa?" Mboje akasema hatimaye. "Si nilisema? Ndiyo hasara ya kumpasua mtu akiwa macho. Kichwa kimeingiwa na upepo."

Watu wakakubaliana naye, na kile alichokisema Apolonia kikahesabiwa kuwa ni madhara ya sindano. Waliambiana yatapungua, ni suala la muda.

Kisha Mboje, ambaye si mtu mbaya na hapendi kikao kiishe vibaya, akatoa wazo. Daktari amekataza mgongo usivute. Sawa. Lakini siku ile mgongo ulikuwa hapa Bariadi, umelala. Iliyovuta ni miguu, na miguu daktari hakuikataza. Haikuumwa. Ilirudi salama. Wote waliona ule mstari. Luhende aliinua kichwa, uso wake ukafunguka kama mtu aliyetuliwa mzigo. Alimgeukia Naila kwa adabu zote, mikono ameikutanisha.

"Daktari, hiyo sindano yako. Kule kwetu kuna zahanati. Wanaweza kumchoma wao, msimu ukianza? Mgongo upumzike ndani, miguu itoke."

Naila aliitazama ile mikono. Alisoma miaka mingi kuwaondolea watu maumivu, na alikuwa amejivunia ile sindano, jinsi ilivyoingia mara moja tu, jinsi mgonjwa alivyokula jioni ile ile. "Hapana," akasema. "Hapana. Hapana, baba." Aliendelea kusema hivyo anarudi nyuma mpaka akafika mlangoni. Alikaa kwenye kigoda chake kwenye chumba kitupu cha upasuaji, na wa kumtuliza hakuwepo.

"Amekataa kwa sababu yeye si wa zahanati," Mboje akamwambia mdogo wake. "Tutaulizia Maswa."

Kambi ya madaktari ilifungwa, wakaondoka na mashine zao. Siku ya kuruhusiwa, Januarius alikuwa ameshamwachia Apolonia maneno yale yale, usivute, usibebe, na Luhende akasema yale yale, tumesikia. Elina alimsihi dada yake mara ya mwisho wakiwa langoni.

"Watoto wangu wako kule," Apolonia akasema.

Kabla ya kuondoka, Luhende alipitia dukani kwa Jabiri, karibu na stendi. Alitaka kitenge. Jabiri alimtolea vya maua, vya ndege, vya duara. Luhende hakuuliza maua. Kila kimoja alikisugua kwa kiganja, akakikunja, akakivuta kwa nguvu kwa mikono miwili. Alichagua kizito cha rangi ya zambarau. "Hiki ni laini," Jabiri akamsifia, "na hakichaniki leo wala kesho. Mke wako atakuombea dua." Luhende akakipeleka kwa Elina akipinde.

Elina alikiangalia, kisha akamwangalia yeye. "Cha nani hiki?"

"Cha Apolonia, shemeji. Cha nani mwingine? Daktari si alisema mgongo upate joto."

Alisema huku ameinamisha kichwa, na Elina, aliyekuwa amemchukia mpaka amechoka, akaona labda. Labda ameona aibu. Labda hivi ndivyo mwanaume wa namna hii anavyoomba msamaha. Alikaa kwenye cherehani akakishona kwa uzi wa njano, pindo mara mbili, mshono wa karibu karibu usiofumuka.

Walifika Ipililo jua likiwa bado juu. Majirani walikuja kumpokea, wakamwita mayu, wakasifu jinsi anavyotembea. Yule mama wa nyayo alileta maziwa ya mgando. Watoto walimshika Apolonia kila mmoja mahali pake, naye akawashika vichwa bila kuinama, kama alivyofundishwa. Aliwaambia hana maumivu, na ilikuwa kweli.

Luhende alishusha kile kitenge kwenye pikipiki. Watu walikiona, wakamsifu, mwanaume anayejua kutunza. Akapita nacho katikati yao, akaenda nacho mpaka nyuma ya nyumba, kwenye nira iliyoegemezwa ukutani. Alikiviringisha kwenye kamba ya mkonge, kwa kujali sana, akaanzia mwisho mmoja mpaka mwingine, na mshono wa njano akauweka kwa nje, usimkwaruze.

Diwani alikuwa amefungwa hapo karibu, anacheua. Apolonia alipokata kona ya nyumba, taratibu, kwa miguu yake mizima, Diwani aliacha kucheua akamtazama. Kisha akasogea kushoto, akampisha nafasi.